Taa za Marehemu Katika Ghala la Dagaa

Ghala hilo limepigwa deki, limepakwa chokaa na kuwekewa feni mbili kubwa, lakini harufu ya dagaa haijakubali kuhama. Binafsi nilifurahi kuikuta. Maonyesho ya sanaa yaliyojengwa juu ya mila za watu wa Japani yangeweza kuwekwa katika ukumbi wa hoteli wenye zulia, yakatazamwa na watu walewale wanaotazama kila kitu, yakaishia hapo. Waandaaji wa haya wameyaweka upande wa Kirumba, jijini Mwanza, hatua chache kutoka ufukweni, mahali ambapo mchuuzi wa samaki anaweza kuingia akiwa bado na beseni lake. Ni kazi ya kusimikwa, yaani ile ambayo mtazamaji hasimami mbele yake bali huingia ndani yake, akaizunguka, akaigusa na pengine akaichafua. Nimekwenda mara mbili: mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili pamoja na mzee jirani yangu ambaye alivua dagaa kwa miaka mingi kabla ya magoti kumgomea. Mengi niliyoyaelewa niliyaelewa mara ya pili.

Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mwanafunzi. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, isipokuwa Jumatatu. Choo ni safi. Chai haipo, ila nje ya geti kuna mama anayeuza kahawa na kashata, naye anajua maonyesho yale kuliko baadhi ya wahudumu.

Kinachompokea mgeni ni kamba. Imening'inizwa juu ya mlango kwa upana wake wote, nene kuliko paja la mtu mzima, na imechomekwa vipande vya karatasi nyeupe vilivyokunjwa kwa pembe pembe mithili ya radi. Kwa Wajapani kamba ya namna hii huitwa shimenawa. Hufungwa kwenye mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, kwenye miti mikongwe na hata kwenye miamba, ili kuonyesha kwamba kuanzia hapo mtu anakanyaga mahali patakatifu. Ile iliyo maarufu zaidi, katika hekalu la Izumo, ina urefu unaozidi mita 13 na uzito wa tani 5 hivi. Hii ya Kirumba ni mtoto mbele ya ile, lakini imetengenezwa kwa malighafi ileile, majani makavu ya mpunga, ambayo safari hii yametoka katika majaruba ya Magu.

Mara ya kwanza niliitazama, nikasema moyoni kwamba ni kamba nzuri, nikapita. Mara ya pili mzee alisimama chini yake kwa muda mrefu, akanyoosha mkono, akaifuata misokoto yake kwa kidole.

“Mjukuu wangu,” alimwambia binti aliyekuwa akituongoza, “aliyesokota kamba hii ni wa mkono wa kushoto?”

Binti alicheka kwa furaha ya mtu aliyengoja swali hilo tangu siku ya ufunguzi. “Hapana, babu. Imesokotwa kinyume kwa makusudi.” Akatueleza kwamba shimenawa kwa kawaida husokotwa kuelekea kushoto, kinyume na kamba za kazi, ili hata mtu asiye na habari, akiishika, ajue kwamba hii si ya kufungia ng'ombe wala kuvutia mashua. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. Nikaona aibu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika katika daftari langu kwamba kamba hiyo ni “pambo la mlangoni”. Maelezo ya ukutani hayasemi lolote kuhusu msokoto, na hilo ni kosa la waandaaji, kwani siri yote ya kitu kile imo humo.

Kuna jambo jingine walilolipoteza hapohapo. Pwani ya Futami, katika mkoa wa Mie, miamba miwili iliyosimama baharini, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, imeunganishwa kwa kamba hizohizo nene na huitwa mume na mke. Kamba huoza kwa chumvi na mawimbi, hivyo hubadilishwa mara tatu kwa mwaka. Mtu anayefanya kazi ya sanaa kuhusu shimenawa katika Jiji la Miamba, umbali mfupi kutoka Jiwe la Bismarck ambalo limesimama majini likisubiri tu mtu wa kulitafutia mwenza, anawezaje kupitwa na hilo? Sisemi walifunge Jiwe la Bismarck kamba. Nasema katika ghala zima hakuna jiwe hata moja.

Chumba cha pili ndicho dhaifu kuliko vyote. Ni chumba cha vinyago vya Namahage, wale viumbe wa rasi ya Oga, mkoani Akita, ambao usiku wa tarehe 31 Desemba huingia majumbani wakiwa wamevaa nyuso za kutisha na makoti ya majani, wakinguruma na kuuliza kama nyumba ile ina mtoto mtundu au mtu mvivu. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza desturi hiyo, pamoja na nyingine tisa za aina yake kutoka sehemu mbalimbali za Japani, katika orodha ya urithi usioshikika. Hapa vinyago vimetundikwa juu ukutani, vimemulikwa taa nyekundu, na spika inatoa mngurumo kila baada ya muda. Watoto wawili walilia, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuigiza. Lakini kiini cha Namahage si uso wake. Kiini ni kwamba mwenye nyumba huwakaribisha kwa chakula na pombe ya mchele, huketi nao, na huwatetea watoto wake mbele yao, mpaka wale wageni waondoke wakiiombea nyumba mwaka mwema. Ukiondoa mwenyeji, kinachobaki ni sinema ya kutisha. Aliyewahi kuona Bayeye wakicheza na chatu Usukumani anajua tofauti ya nyoka aliye mikononi mwa mchezaji na ngozi ya nyoka iliyopigiliwa ukutani.

Nilikaribia kukata tamaa pale. Kilichoniokoa ni matango.

Kwenye rafu ndefu ya mbao wamepanga matango na mabilinganya mamia kwa mamia, kila moja likiwa na miguu minne ya vijiti. Desturi hii ni ya Obon, siku ambazo Wajapani huamini kwamba roho za wazee wao hurudi nyumbani, tarehe 13 hadi 16 Agosti katika sehemu nyingi za nchi, ingawa mji wa Tokyo kwa kawaida huiadhimisha Julai. Tango ni farasi, ili marehemu aje haraka kwa watu wake. Bilinganya ni ng'ombe, ili arudi polepole, akiwa amebebeshwa sadaka zake, na familia imwone kwa muda mrefu zaidi akiondoka. Sijui kama nimewahi kusikia wazo jepesi kiasi hicho likibeba uzito kiasi hicho. Wasanii hawakuliongezea chochote. Wameliacha lilivyo, wakanunua mboga zao sokoni, wakaziacha zinyauke. Zile za juma lililopita zimejikunja na kuinamisha vichwa, za jana bado zinang'aa. Watoto wa shule waliokuwa mbele yetu walikubaliana kwamba matango ni punda, na hakuna aliyewasahihisha. Mzee yeye alitaka kujua kwa nini ng'ombe, mnyama wa heshima, apewe safari ya kuondoka na si ya kuja. Binti hakuwa na jibu. Katika nchi ya Wasukuma swali hilo lilistahili kutazamiwa.

Kilichonishangaza zaidi ni chumba kidogo cha pembeni ambacho wageni wengi hukipita wakidhani ni stoo. Katikati kuna meza, juu ya meza kuna sinia, na ndani ya sinia kuna ugali wa muhogo uliochomekwa sindano zilizovunjika. Ni sindano za cherehani, za mkono, na zile pana za mbao na plastiki za kushonea nyavu. Mila iliyoko nyuma yake huitwa hari-kuyo. Tarehe 8 Februari, na katika baadhi ya sehemu tarehe 8 Desemba, washonaji wa Japani huzipeleka hekaluni sindano zao zilizovunjika au kuchakaa, wakazichomeka katika tofu, kile chakula laini cha maharage ya soya, kama namna ya kuzishukuru: zimetoboa vitambaa vigumu mwaka mzima, sasa zipewe mahali laini pa kupumzikia. Wasanii wetu wamewaomba mafundi cherehani na washona nyavu wa Mwanza walete zao. Kila anayeleta huandikiwa kwenye kikaratasi kazi ambayo sindano yake ilifanya. Nilisoma: sare za shule, shela ya bibi harusi, wavu wa sangara uliochanwa na kiboko, sanda.

Siku niliyokuwa peke yangu, mama mmoja aliingia, akaona ugali, akawaka. Alisema chakula hakichezewi, na kwamba kuna watu katika jiji hili wamelala bila kuuonja. Mhudumu hakujua la kumjibu, akabaki kumwomba radhi. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile na bado naona wote wawili walikuwa na haki. Wangeweza kutumia udongo wa mfinyanzi wala asingekasirika mtu. Lakini udongo si kitu ambacho mtu hujinyima, na shukrani isiyogharimu chochote ni maneno tu. Tofu nayo ni chakula. Walichopaswa kufanya ni kumweka pale mtu anayeweza kulieleza hilo kwa Kiswahili cha adabu, kwa mama anayeuliza kwa uchungu wa kweli, badala ya kijana wa kuomba radhi. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua chumba kimoja tu, ningechagua hiki. Hapa mila imevuka bahari ikiwa na kazi yake mkononi. Hawakuiga umbo lake. Walijiuliza inafanya nini, kisha wakatafuta ni nani hapa mwenye haja ya kufanyiwa hivyo.

Mtumbwi uliofuata ulinipa mawazo mchanganyiko. Ni mtumbwi wa kweli, wa mbao, uliochoka, ulionunuliwa Ukerewe. Ndani yake wamechonga tundu dogo mahali ambapo mlingoti ungesimama, na ndani ya tundu hilo, chini ya kioo, mna vikaragosi viwili vya karatasi, mwanamume na mwanamke, dadu mbili, sarafu na kishungi cha nywele. Hivyo ndivyo vitu ambavyo maseremala wa mashua wa zamani wa Japani walivificha katika kitako cha mlingoti ili kiwe makao ya funadama, roho mlinzi wa chombo. Mzee aliinama, akatazama, akainuka bila kusema neno. Baadaye, tukiwa tumekaa kwa mama wa kahawa, alinong'ona kwamba mashua za hapa nazo zina mambo yake, na mambo hayo hayawekewi kioo.

Tatizo la mtumbwi huo ni uzi. Kutoka ndani yake wamenyanyua maelfu ya nyuzi nyekundu hadi darini, zikisambaa kama mvua inayopanda. Mandhari ni ya kuvutia na kila mgeni hupiga picha hapo. Lakini mtu anayefuatilia sanaa atatambua mara moja kwamba amewahi kuiona: Chiharu Shiota, msanii aliyezaliwa Osaka na anayeishi Berlin, alisimika mashua mbili kuukuu chini ya wingu la uzi mwekundu ulioning'iniza maelfu ya funguo, katika banda la Japani kwenye maonyesho ya Venice ya mwaka 2015. Kuazima si dhambi, na wasanii huazimana tangu zamani. Kuazima bila kumtaja uliyemwazima, na tena katika maonyesho yanayojivunia kuheshimu Japani, hakupendezi. Na kwa kuwa uzi huo hauhusiani hata kidogo na funadama, unalifunika tundu dogo lenye kila kitu. Nilihesabu watu tisa waliopiga picha za uzi. Walioinama kutazama tundu walikuwa wawili, mmoja akiwa mzee wangu.

Sasa bwawa.

Sehemu ya nyuma ya ghala imetiwa giza totoro, na sakafuni limejengwa bwawa la saruji lenye maji ya kufika magotini. Juu ya maji zinaelea taa. Nusu yake ni za karatasi, za pembe nne, zikiwa juu ya vibao vyepesi, kama zile za toro nagashi, desturi ya kuzisindikiza roho mwishoni mwa Obon kwa kuweka taa mtoni au baharini ili ziwaongoze marehemu warudi walikotoka. Hiroshima hufanya hivyo kila tarehe 6 Agosti, siku ambayo bomu liliangushwa mwaka 1945. Taa zenye maandishi ya watu hushuka na mto Motoyasu mbele ya jengo lililoachwa magofu kama ukumbusho. Nusu nyingine ni karabai. Ni karabai za kweli za wavuvi wa dagaa, zilizoungua na kubonyea, zilizotolewa utambi na kuwekewa balbu ndogo, nazo zinaelea juu ya maboya ya mbao yaleyale yaliyokuwa yakizibeba ziwani.

Anayeishi Mwanza hahitaji kuelezwa. Katika siku za giza, mwezi unapokuwa haupo, taa za wavuvi wa dagaa huwashwa ziwani hadi mtu mgeni adhani kuna mji ng'ambo. Siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, lakini kanuni ni ileile: taa inaelea, dagaa wanaifuata, wavu unawazunguka. Huko kwao taa juu ya maji inasema nenda salama. Huku kwetu inasema njoo. Kuziweka pamoja katika maji mamoja, bila maelezo ya ukutani, ni uamuzi wa kijasiri. Na ziwa hili lina lake. Hakuna mahali popote katika maonyesho palipotajwa meli ya Mv Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, wala makaburi ya Igoma walikozikwa wengi waliokufa humo. Mwanzoni nilidhani ni woga. Kisha nikasikia ukimya ulivyokuwa mle gizani, watu wazima kwa watoto, nikaona wasanii walijua kwamba hapa hakuna haja ya kutajiwa.

Ndiyo maana kasoro ya bwawa hili iliniuma kuliko zote. Ukilipa shilingi 2,000 za ziada, ambazo kwa maoni yangu zilipaswa kuwa ndani ya kiingilio, unapewa karatasi na kalamu, unaandika jina, unaibandika kwenye taa, unaiweka majini. Taa inaondoka polepole, inapita kati ya karabai, inaingia gizani nyuma ya wavu mkubwa uliotundikwa. Unashusha pumzi. Baada ya dakika sita, nilipima kwa saa yangu, inarudi. Chini ya maji kuna pampu inayoyazungusha, na taa yako inakujia tena na jina lake, ikagonga ukingo mbele ya miguu yako, ikaanza mzunguko mwingine.

Mzee aliandika jina. Aliishika taa yake mkononi huku akizitazama za wenzake zikirudi moja baada ya nyingine, kisha akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, na kumrudishia binti taa tupu.

“Mbona hukuiweka, babu?” aliuliza.

“Haiendi, mjukuu wangu. Haya maji hayana kwenda.”

Naelewa kwa nini hawakutumia ziwa lenyewe. Tuna uchafu wa kutosha humo na magugu maji ya kutosha kuzinasa taa zote kabla hazijapita Capri Point. Huko Japani nako miji mingi siku hizi huzikusanya taa upande wa chini wa mto ili zisichafue bahari. Lakini huzikusanya mbali na macho ya aliyezituma, na hazirudishwi kwake. Mfereji mwembamba unaopita chini ya ukuta wa nyuma, na mtu wa kuziokota upande wa pili, ungetosha kabisa. Fundi mwashi mmoja, siku mbili. Kazi iliyoelewa sindano, tena iliyoelewa bilinganya anayeondoka polepole, imewezaje kusahau kwamba taa ya marehemu ina safari moja tu?

Nenda, hata hivyo. Nenda jioni, siku za giza, ili ukitoka getini uzione za ziwani zikiwa zimeshawashwa. Kipite haraka chumba cha vinyago, inama kwenye mtumbwi, kaa na sindano kadiri unavyoweza. Ukiwa na sindano iliyovunjika nyumbani, ibebe. Na ukiwa na mzee wa ziwa, umchukue, umlipie. Wangu nilimuuliza tukiwa njiani kama kiingilio kile kilikuwa halali. Alitembea hatua kadhaa akikokotoa, akasema angelipa elfu tatu, na zile mbili angewapelekea mwenyewe siku watakapoizima ile pampu.